Chumvi Isiyopungua

Kitendawili: nyumba yangu ina wakazi elfu sitini, wote ni wasemaji, na bado unasikia nzi akitua dirishani.

Mwanafunzi mgeni akishindwa, Bibi Nyanzobe alimdai mji. "Haya, nipe mji." Mgeni akitaja Tabora au Mpanda, bibi aliuendea mji huo kwa mdomo, akala, akanywa, akasifiwa mwendo, kisha akarudi na jibu: "Ni hapa hapa ulipokaa, mwanangu. Maktaba. Hebu toa kiwiko nipitishe kitambaa."

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Malagarasi haikuwa na karatasi. Ilikuwa na mawe ya chumvi, kila moja sawa na kipande cha sabuni ya kufulia, yamepangwa kwenye rafu za mbao kuanzia sakafuni hadi darini. Mtu akimaliza kazi yake ya usomi huisoma mwenyewe mbele ya birika la maji ya chumvi, siku mbili au tatu, na chumvi inaota juu ya sauti yake kama ukoko unavyoshika sufuria. Msomaji akitaka kuisikia, huweka jiwe juu ya taa ndogo ya mezani, akashika pembe sikioni. Basi, maiti anazungumza.

Alhamisi hiyo asubuhi Bibi Nyanzobe alikuwa akisukuma toroli kati ya rafu, akikusanya mawe ya kuyeyushwa. Chini ya kila jiwe lililohukumiwa paliwaka taa nyekundu, ndogo kama jicho la panya. Mwaka huu yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Kesho saa nne yangezamishwa.

Hilo halikuwa jambo la ukatili, ni la hesabu tu. Ndani ya kila jiwe mna mbegu, punje ndogo kama ya mtama, na bila mbegu chumvi haishiki sauti. Mbegu ziliwahi kuletwa elfu sitini, na kiwanda kilichozitengeneza kilikufa mwaka ule nyaya za dunia zilipokatika. Tangu hapo, likiingia jiwe moja, moja linatoka. Bibi aliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba maktaba ni kama kitanda cha watoto watano: akizaliwa wa sita, wa kwanza atalala chini.

Akayatoa mawe moja moja, akayapangusa hata hayo yanayokwenda kufa, maana hakupenda mtu asafiri na vumbi. Kwenye rafu ya kilimo akakuta taa nyekundu chini ya jiwe alilolijua. *Wadudu Waharibifu wa Michikichi*, kazi ya Sikitu binti Bigambo. Msichana mwenyewe alifariki kwa homa miezi miwili baada ya kuisoma mbele ya birika.

Bibi akasimama. Akalichukua jiwe mkononi, na mkono wake, ambao ulikuwa umepangusa mawe kwa miaka ishirini na mmoja, ukashtuka kabla yake. Jiwe lilikuwa jepesi.

Akaenda nalo moja kwa moja ofisini kwa Dokta Ntakije, mkuu wa maktaba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Dokta, Karani wako anaumwa."

"Anaumwa nini tena?"

"Macho."

Ntakije akacheka. Alikuwa mtu mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri na mawazo mengi. Karani ilikuwa mashine inayotembea juu ya reli darini, ndiyo iliyochagua mawe ya kutoka.

"Hili lilisikilizwa Alhamisi iliyopita," Bibi akasema. "Na Alhamisi ya kabla yake. Mama wa huyu binti anakuja kila wiki, yule fundi cherehani wa sokoni. Sasa nalikuta linawaka nyekundu."

Ntakije akagusa ubao wa kumbukumbu. "Kuazimwa, sifuri. Kutumiwa ukumbini, sifuri. Miaka minane, Bibi. Sifuri."

"Sifuri ya wapi? Mimi nina macho."

"Bibi, sikiliza. Jiwe likiazimwa, dawati linaandika. Likisikilizwa hapa ndani, jioni saa kumi na moja Karani anapita juu na kuhesabu yote yaliyo mezani. Lililo mezani limetumika. Lililo rafuni limelala. Hana chuki, hana shemeji. Unajua zamani ilikuwaje? Walimu walikuwa wanakaa wiki tatu, kila mmoja anatetea jiwe la rafiki yake. Mwalimu wa historia alimrushia mwenzake kikombe cha chai."

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyefuta ile chai."

"Basi. Na jingine: Jumatatu kitivo cha uuguzi kinafunguliwa. Wanafunzi tisini, mawe mia nne na kumi na mawili, yote yanangoja mbegu. Nikiacha hili, nitoe lipi? Au nimwambie mkunga ajifunze kwa kukisia?"

Bibi akageukia mlango, jiwe mkononi. Lile neno *mezani* lilikuwa limemkwaruza mahali, kama mwiba wa samaki ambao hujui kama umekwama au umepita.

"Halafu wewe una nini cha kulalamika?" Ntakije akasema kwa utani akimsindikiza mlangoni. "Jiwe lako ndilo linaongoza maktaba nzima. Siku elfu mbili mia tatu! Maprofesa wanakuonea wivu."

Bibi akatabasamu, hakuweza kujizuia. Ni kweli, alikuwa na jiwe. Mwaka wa pili wa maktaba, mwanafunzi mmoja alikwenda na birika dogo kijijini kwa kina Bibi akarekodi vitendawili vya wanawake, naye Bibi akategeana na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Jiwe hilo liliwekwa kwenye meza ndogo ya mlangoni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, wageni walione. Hakuwahi kulisikiliza. Kila mwaka alisema atakaa siku moja na nafasi yake amsikie mama. Siku haikupatikana, lakini kujua kwamba watu wanalisikiliza kulimtosha. Darasa la saba tu, na sauti yake inasomwa chuo kikuu!

*

Saa nane Mama Sikitu akaingia, futi ya kupimia nguo bado shingoni.

"Bibi, leo ukumbi unanukia. Umepiga deki na nini?"

"Na mikono. Kaa, nakuletea."

Akalitoa jiwe chini ya toroli, akampa kama vile hakuna jambo. Mama Sikitu akaliweka juu ya taa, akashika pembe, akafumba macho. Midomo yake ikaanza kutembea pamoja na sauti asiyoisikia mtu mwingine.

Siku moja Bibi alimuuliza anasikiliza nini, maana mtu gani analilia wadudu wa michikichi? Mama Sikitu alimjibu bila aibu. "Wadudu siwajui mimi. Ni pale mwanzo, anaposhukuru watu. Anasema, 'Namshukuru mama yangu, aliyeshona sare za watoto wa wenzake hadi akanipatia ya kwangu.' Halafu anacheka kidogo. Alijua nitalia."

Leo alirudia mara nne. Saa kumi akashusha pembe, akalipangusa jiwe kwa upindo wa kitenge, akainuka, akaenda nalo rafu ya kilimo na kulirudisha mahali pake.

"Mbona unarudisha mwenyewe?" Bibi akamuuliza. Alikuwa ameliona hilo kila Alhamisi kwa miaka minane, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliuliza.

"Ee! Nikuachie wewe uhangaike nalo, na miguu hiyo? Mimi sikulelewa hivyo, Bibi."

Akaaga, akaenda zake.

Bibi akabaki amesimama katikati ya ukumbi. Akatazama. Mstaafu wa reli, anayesikiliza habari za mito, akainuka na kurudisha jiwe lake. Muuguzi wa zamu akarudisha la kwake. Wale wawili wa kwaya wakarudisha ya kwao. Mmoja mmoja, kwa heshima, kila mtu akimpungia mkono: tumekusaidia, Bibi. Meza za mbele tu, walikokaa vijana wa mwaka wa kwanza, mawe yalibaki yametapakaa. Wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbilia uwanjani bila hata kusogeza viti. Na kwa kawaida yeye mwenyewe, saa kumi na nusu, hupita na kitambaa chake, akakusanya yaliyosalia nyuma na pembeni, akayarudisha, hadi meza zing'ae. Mbele huwa hafiki. Miguu haikubali, huwaachia wafagiaji wa asubuhi.

Leo hakupita. Hakuwa na la kurudisha hata hivyo, wenye adabu walikwisha kumaliza.

Saa kumi na moja Karani akatoka tunduni, akateleza juu ya reli. Tk, tk, tk, juu ya meza za mbele. Juu ya zile za nyuma akapita kimya. Akafika mlangoni, juu ya ile meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma. Tk.

Bibi akakaa kwenye kiti cha mtu mwingine, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Akakumbuka droo. Akaifungua, na chini ya vitambaa vya akiba akalikuta lile tangazo, lina doa la kikombe cha chai: TAFADHALI ACHA JIWE MEZANI. Lilibandikwa ukutani mwaka Karani alipoletwa. Yeye mwenyewe alilibandua siku ile ile. Nyumba gani inamwambia mgeni asiondoe chombo alicholia? Tena huko ni kuwafundisha watoto uvivu. Aliyelibandika hakumweleza sababu, kwani nani hukaa na mfuta vumbi akampa sababu?

Miaka tisa. Mawe ya wasio na adabu yalipona, na ya wenye adabu yakayeyushwa. Na mkono uliofanya hivyo ulikuwa huu hapa, safi, unanukia sabuni.

*

Alifika hadi getini na jiwe la Sikitu ndani ya kanga.

Lilikuwa jambo jepesi. Toroli halihesabiwi mara mbili. Kesho fundi angezamisha mia nne na kumi na moja, akalaumu orodha. Mama Sikitu angekuwa na binti yake nyumbani, juu ya meza ya cherehani. Bibi Nyanzobe angebaki Bibi Nyanzobe, yule aliyepewa cheti cha usafi mara tatu mbele ya makamu wa mkuu wa chuo. Nani angejua?

Mlinzi akamsalimia. Akaitikia. Akapiga hatua mbili nje ya geti, na hapo akamkumbuka mfuga nyuki.

Alikuwa mtu mrefu wa Kasulu, mwenye makovu ya kuumwa mikononi. Alikuja kila Jumanne akasikiliza jiwe la nyuki wasiouma, akalirudisha rafuni kwa mikono miwili kama anarudisha sahani kwa mama mkwe. Miaka mitano iliyopita aliacha kuja. Bibi alidhani amehama. Sasa ndani ya kanga jiwe likawa zito ghafla. Yule mtu alikuja Jumanne moja, akakuta nafasi tupu, na kwa adabu yake hakuuliza.

"Mama Sikitu ana mimi," Bibi akajisemea. "Mfuga nyuki alikuwa na nani?"

Akageuka.

Alimkuta Dokta Ntakije anafunga mlango mkubwa. Akamweleza pale pale kwenye ngazi, kwa kifupi, bila kujitetea, akamwonyesha tangazo. Ntakije akasoma maneno yale manne, akakaa chini na suruali yake ya pasi.

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

"Bibi, tumeyeyusha mawe elfu tatu na mia saba."

"Najua kujumlisha."

"Sasa kwa nini hukuuliza?" Sauti ilimpanda. "Mtu anabandua tangazo ukutani, hata haulizi!"

"Na ninyi kwa nini hamkusema? Mashine mliieleza kila kitu. Mimi mlinipa kitambaa."

Njiani wanafunzi walipita wakicheka, mmoja akasema shikamooni, hakuna aliyeitikia.

"Siwezi kusimamisha kwa maneno matupu," Ntakije akasema hatimaye. "Kamati ya mkusanyo itaniuliza: yapi yalisikilizwa na yapi hayakusikilizwa? Nitawajibu nini? Kwamba Bibi anakumbuka?"

Bibi akafungua kanga, akamwekea jiwe kiganjani.

"Taa ile ni ya moto, Dokta. Chumvi ikipata moto inatoka jasho. Jiwe jipya ni gramu mia mbili kamili, hamkosei hata punje, si ndivyo? Basi acha kuniuliza mimi wala Karani. Pima."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa chumba cha birika, yeye na Ntakije na Asteria, fundi wa birika, binti mwenye mikono mikubwa na mdomo usiokuwa na kufuli.

"Kwa hiyo Bibi umetuangusha kwa usafi," Asteria akasema akifuta mizani. "Mimi mama yangu alinipiga miaka kumi nisafishe meza. Ngoja nimpigie simu."

"Pima, mwanangu. Maneno utayapima baadaye."

Wakapima. Kila usikilizaji hula sehemu ndogo ya gramu, jambo ambalo kila mtu wa kazi hii alilijua na hakuna aliyelitumia, kwa sababu walikuwa na Karani. Mia mbili. Mia mbili. Mia moja tisini na saba. Mia mbili. Mia moja themanini na moja. Asteria akaacha utani alipofika la hamsini. Kufikia saa tatu na nusu walikuwa wametenga mawe mia moja thelathini na tisa, mepesi, yaliyolika, yaliyosikilizwa miaka nenda rudi na watu waliorudisha vyombo.

La Sikitu lilikuwa na gramu mia moja themanini na nane. Asteria akaliinua kwenye mwanga. Halikulika lote. Lilikuwa zima pande zote, isipokuwa kona moja tu, imezunguka na kulainika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

"Hapa ni mwanzo," akasema. "Shukrani. Kona hii imebakiza mara mbili kusikilizwa, Bibi. Labda tatu. Halafu inakuwa chumvi ya mboga."

Bibi akakumbuka jana, mara nne mfululizo, na yeye ndiye aliyempa.

"Linaweza kuoteshwa upya?"

"Linaweza. Nalisomesha mbele ya birika mara moja, sauti inaota juu ya mbegu mpya. Siku arobaini. Lakini nataka mbegu."

Ntakije alikuwa akizunguka chumba. "Haya. Haya. Mia moja thelathini na tisa nayaondoa kwenye orodha, kamati itanielewa. Lakini wauguzi wanakuja Jumatatu, na sasa nadaiwa mbegu mia moja thelathini na tisa, na nyinyi mnataka ya mia moja na arobaini." Akasimama. "Na niseme jambo ambalo hamtalipenda. Huyu mama hajasoma tasnifu. Amesikiliza shukrani. Mkusanyo wa chuo unatunzwa kwa ajili ya elimu. Nikianza kutunza kilio, nitaishia wapi?"

Hakuwa amesema uongo.

"Wadudu wako wazima," Bibi akasema polepole. "Huyo mama amekula kona yake tu, elimu amekuachia yote. Angekuwa hakuja, leo ungekuwa na nini? Ungeyeyusha kilio na wadudu pamoja."

Ntakije akapangusa uso. "Mbegu, Bibi. Nipe mbegu."

"Tafuta mawe yenye hesabu kubwa na uzito kamili," Asteria akadakia. "Yale ambayo watoto wanayatoa rafuni, wanayalalia mezani, wanakwenda mpira. Karani anayahesabu, lakini hakuna anayeyasikiliza. Yatakuwa mengi. Tuanze na yanayoongoza."

Kisha akatambua alichokisema, akafunga mdomo. Lakini Ntakije alikuwa ametazama ubao, na juu kabisa ya ubao palikuwa na jiwe moja.

"Si lazima hilo," akasema haraka.

Bibi Nyanzobe alikuwa amekwisha kutoka. Akarudi na jiwe lake pamoja na kile kitambaa cha kufuma, akaliweka mwenyewe juu ya mizani, maana hakutaka mtu mwingine aone aibu ya kuliweka.

Mia mbili kamili.

Siku elfu mbili mia tatu mezani, na hakuna aliyewahi kuligusisha na taa. Hata mwanafunzi aliyelirekodi. Hata yeye.

Birika likawa linachemka taratibu. Asteria akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Bibi," Ntakije akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mjukuu, si ya mkuu. "Sauti ya mama yako imo humo. Naweza kuandika kwamba lina thamani ya kipekee. Sera inaniruhusu. Sahihi moja tu."

Hapo ndipo palikuwa pagumu, na asikudanganye mtu. Alitaka aseme ndiyo. Alitaka kwa koo lote.

"Chumvi isiyopungua," akasema, "haijatia ladha chakula cha mtu. Washa taa, Asteria. Nitalisikiliza mara moja."

Akashika pembe. Kulikuwa na kuku kwanza, kisha mbwa, kisha mama yake akakohoa kikohozi kile kile cha moshi wa kuni. *Kitendawili!* Na yeye mwenyewe, mwenye meno yote, akaitikia, *Tega!* Akategewa. Akashindwa. Mama akacheka, akadai mji, akapewa Ujiji, akaenda Ujiji akala migebuka ya kukaanga peke yake, hakumwachia mtu hata mkia. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amesahau kwamba mama yake alikuwa mchokozi namna ile.

Akalirudisha jiwe kwenye mizani, na sindano ikasogea nyuma kidogo, kidogo kabisa.

"Sasa limeliwa," akasema. "Lizamishe."

*

Alhamisi iliyofuata Mama Sikitu alikuta nafasi tupu rafuni. Alisimama mbele yake kimya, akavuta futi yake shingoni, akageuka kuondoka bila kuuliza. Bibi alikuwa akimngoja hapo hapo.

"Usiondoke hivyo," akamwambia. "Watu wameondoka hivyo hapa hadi wamenimaliza. Uliza."

"Liko wapi, Bibi?"

Akamweleza yote: tangazo, Karani, kona iliyolika, siku arobaini. Hakuruka lolote, ila jambo moja. Mama Sikitu akatazama vidole vyake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemla. Nisingekuja, angebaki mzima."

"Usingekuja, asingepungua uzito, na Ijumaa angeyeyushwa."

"Sasa hicho ni nini, Bibi? Ukishika linapungua, usiposhika linakufa. Hicho ni nini?"

"Ni kitendawili. Nami sina jibu. Nipe mji."

Mama Sikitu akacheka na kulia kwa pamoja, kama mtu anayepiga chafya. Kisha akauliza mbegu ilitoka wapi.

"Palikuwa na jiwe halina kazi," Bibi akasema.

Mfukoni mwa gauni lake mlikuwa na daftari la orodha ya miaka tisa. Ntakije alikuwa amemwandikia kwa mkono, mawe elfu tatu na mia saba. Adhabu nyingine hakumpa. Kila siku alisoma ukurasa mmoja, kidole kikitembea chini ya maneno, akitafuta majina anayoyakumbuka. La nyuki wasiouma alikuwa ameliona, ukurasa wa nne. Jumamosi angepanda basi la Kasulu, akaulizie mtu mrefu mwenye makovu mikononi. Hakujua angemwambia nini. Pengine angempa tu nafasi ya kumlaumu.

"Basi nipe jingine la michikichi," Mama Sikitu akasema. "Nikingoja hizo siku arobaini, angalau nijue mwanangu alikuwa akifukuzana na wadudu gani."

Akasikiliza hadi saa kumi, uso umekunjamana, mara mbili akisema "Loo!" kwa sauti hadi watu wakageuka. Alipomaliza akalipangusa jiwe kwa upindo wa kitenge, akainuka nalo.

"Acha hapo," Bibi akasema.

"Nirudishe tu, Bibi, si kazi."

"Acha mezani, mwanangu. Na wewe wa reli, kaa chini! Acheni. Acheni pachafuke."

Wakaacha, kwa shida, kila mmoja akigeuka mlangoni kutazama jiwe lake kama mtu aliyemwacha mtoto kwa jirani. Bibi Nyanzobe akakaa kwenye kiti, kitambaa kimekunjwa mapajani. Karibu na mlango ile meza ndogo ilikuwa tupu, amekwisha kuipangusa. Mbele yake mawe yalikuwa yametapakaa toka ukuta hadi ukuta, na mikono yake ikawa inawasha, inawasha, akaikalia.

Saa kumi na moja Karani akatoka tunduni.

Tk, akaanza. Tk. Tk.